Seva imegoma kubuti baada ya kuapgredi: wenye RAID na LVM tupeane uzoefu

Uyole_rut: Wakuu, kuna jamaa hapa mtaa wa Forest seva yake imekwama kwenye grub rescue (skrini ya dharura ya GRUB, kile kiprogramu kinachoanzisha mfumo) baada ya kupandisha toleo la Debian, aina ya Linux, nimekumbuka mbali sana. Wenye diski zaidi ya moja, RAID (diski kadhaa kufanya kazi kama moja) chini, LVM (kugawa nafasi ya diski) juu, mwageni yaliyowakuta.

Kahawa_tupu: Acha niseme yote. Ushirika mmoja wa kahawa huku Mbozi, diski mbili, RAID1 (kila diski nakala ya mwenzake), LVM juu yake, BIOS (programu ya ubao inayochagua diski ya kuanzia) ile ya zamani. Niko Mbeya nikaipandisha Debian 10 kwenda 11 kwa ssh (kuiendesha kutoka mbali), ikapita bila kelele, nikaributi, ping kimya. Nikampigia mama wa stoo, akaingia na tochi ya simu akawa ananisomea, "mwanangu imeandika error, symbol, halafu grub na kimstari chini, mwisho not found." Kusikia symbol nikajua data ipo, ni GRUB ndiyo haielewani. Alfajiri nikapanda Coaster ya Vwawa, nafika wakulima washajaa kwenye mabenchi na vitabu vyao vya malipo mapajani, hakuna anayeongea. Nikabuti na flashi, nikaiamsha RAID kwa mdadm --assemble --scan na LVM kwa vgchange -ay, nikamount root na /boot, nikabind /dev /proc /sys, chroot (kuingia ndani ya mfumo uliokwama). Kumbe fundi aliyebadili diski ya kwanza kabla yangu aliiwekea GRUB kwa mkono, ila orodha ya grub-pc (kifurushi kinachoandika GRUB kwenye diski wakati wa apgredi) ikabaki inaijua diski ya pili tu! Apgredi ikaandika GRUB mpya kwenye ya pili, BIOS inaanzia ya kwanza yenye GRUB ya zamani, na hiyo ya zamani inaita moduli mpya zilizoko /boot. grub-install /dev/sda (ya kwanza), grub-install /dev/sdb (ya pili), dpkg-reconfigure grub-pc nikatiki zote mbili. Ilipowaka yule mama alipiga vigelegele.

Ntokela: Duh, pole sana kaka. Symbol not found naijua.

Tukuyu_mvua: Safari ya nini sasa? Mama angeingia BIOS akachagua diski ya pili, ingewaka hapo hapo, unamalizia na grub-install /dev/sda kwa ssh ukiwa zako Mbeya.

Kahawa_tupu: BIOS ina nenosiri, ndugu. Nimpe mama wa watu nenosiri la BIOS kwa simu usiku?

Tukuyu_mvua: Ndiyo, kisha unalibadilisha. Wakulima wasingesubiri.

Makambako_baridi: Mkigombana msisahau /boot ndogo. Ya kwetu ilijaa kerneli (viini vya Linux) za zamani, initrd mpya (faili la kuanzia linalosaidia kerneli kuzifikia diski) ikatoka nusu, Kernel panic, unable to mount root fs on unknown-block(0,0). Tulirudi Advanced options kwenye menyu ya GRUB tukabuti kerneli ya zamani, tukafuta zisizotumika, tukajenga initrd upya kwa update-initramfs -u -k all. df -h /boot kwanza jamani, kabla hata ya apt update.

Dada_Kihesa: Iringa hapa fstab (orodha ya diski za kupandishwa seva ikiwaka) iliandikwa /dev/sdb1, baada ya apgredi diski zikabadilishana majina, ikaishia emergency mode. Wekeni UUID (kitambulisho kisichobadilika), na diski za data ziwekeeni nofail (seva iendelee kuwaka hata diski isipopanda).

Ntokela: Nofail hapana, dada. Diski isipopanda seva inawaka kama kawaida na database inaandika kwenye folda tupu iliyoko root. Unagundua root imejaa.

Dada_Kihesa: Afadhali nayo inafikika kwa ssh kuliko kufunga safari hadi Mafinga. Huduma ya database unaifunga kwenye mount kwa RequiresMountsFor ya systemd, haiwaki bila diski.

Ntokela: Hapo sawa.

Mlowo_net: Wa CentOS 7 (Linux ya ukoo wa Red Hat), ile msaada wake uliisha 30 Juni 2024 najua bado mnazo. RHEL 8 (ya Red Hat) na ndugu zake walitoa dreva za kadi nyingi za RAID za zamani, unaweza kuishia dracut (hatua ya kuanzia kabla ya mfumo kamili) haioni diski hata moja. Endesheni leapp preupgrade (leapp ni zana ya kupandisha toleo), halafu SOMENI /var/log/leapp/leapp-report.txt yote.

Mwanjelwa_B: Na mwenye UEFI (mrithi wa BIOS) je? Nina RAID1 nataka kupandisha Ijumaa.

Makambako_baridi: Usipandishe Ijumaa.

Tukuyu_mvua: Ijumaa ndiyo nzuri, una wikiendi nzima ya kurekebisha. Ila sehemu ya EFI (panapokaa faili za kuanzia za UEFI) ni FAT, kwa kawaida inakaa nje ya RAID, diski ikifa inakufa nayo. Iweke kwenye diski zote mbili, hakikisha na efibootmgr -v kwamba zote zinaonekana.

Mwanjelwa_B: Nimeangalia sasa hivi, inaonekana moja tu. Ndaga fijo, asanteni sana.