Mwanangu kaonewa shuleni, kaenda kusema kwa mwalimu, kaambiwa yeye ndiye "clype"!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Tunaishi Glasgow, Uskoti. Jumatatu mwanangu wa miaka 9 kanyang'anywa kontena la chakula na mvulana mkubwa, likatupwa kwenye dimbwi, mwenyewe akasukumwa ukutani. Kiwiko kimechubuka, sweta ya shule imetoboka palepale. Akafanya nilichomfundisha tangu chekechea: akaenda kusema kwa mwalimu. Mwalimu kamjibu mbele ya wenzake kwamba asiwe "clype". Tangu hapo darasa zima linamwita hivyo, na mtoto hasemi tena kitu, hata kwangu. Nimejua baada ya kumkuta bafuni saa 2 usiku, peke yake, anafua mkono wa sweta wenye damu.

Kiingereza nimekisoma tangu darasa la tatu na ndicho ninachofanyia kazi, lakini neno hilo sikuwahi kulisikia. Jirani yetu, bibi wa Kiskoti, ndiye kanieleza: linatamkwa "klaipu", ni mtoto anayewasemea wenzake. Kumbe kila upande wana lao. London ni "grass", Australia ni "dobber". Belfast, kule Ireland Kaskazini, ni "tout", na huko miaka ya machafuko neno hilo lilichorwa kutani pamoja na tishio la risasi, kwa wanaodaiwa kupeleka habari kwa polisi. Kuna watu waliuawa baada ya kuitwa hivyo!

Najua na sisi tuna "mnoko", wala sisemi watoto wa kwetu ni malaika. Lakini Kiswahili kinatenganisha: aliyeonewa anashtaki, mwenye roho mbaya anachongea. Mtoto anayetoka damu kiwikoni hajamchongea mtu, ameshtaki! Neno lao linawatia wote kapu moja, na anayefaidika ni aliyempiga. Watoto wangeitana hivyo uwanjani ningemeza. Mwalimu je? Mtu niliyemkabidhi mwanangu asubuhi ndiye anamziba mdomo?

Na mlangoni pa shule hiyohiyo kuna bango linalosema ukionewa mwambie mtu mzima. Nimelipiga picha.

Alhamisi nina kikao na mwalimu mkuu. Nataka mwalimu yule amwombe mwanangu radhi mbele ya darasa lilelile. Mzazi yeyote aliyepitia hili huku Uskoti, naomba uniambie ulianzia wapi, na kama malalamiko niyapeleke kwa maandishi kabla ya kikao.