Flashi haijitokezi yenyewe kwenye Openbox: udiskie, thunar-volman, fstab au kanuni ya udev?

Mchomekaji:
Wakuu, habari zenu. Nimeihama GNOME (eneokazi kamili la Linux), sasa niko kwenye Openbox (meneja wa madirisha tu) juu ya Debian, na mashine imekuwa nyepesi kweli. Kero ni moja tu. Nikichomeka flashi, kimya. Taa yake inawaka, lakini dirisha halifunguki, taarifa haitokei, na upande wa kushoto wa Thunar (meneja wa faili) hamna kitu. Kule GNOME nilikuwa nachomeka tu, imo.

Nimepekua huku na huko nikakuta njia nne: udiskie (programu ndogo ya kupachika diski zenyewe), thunar-volman (nyongeza ya Thunar ya kazi hiyohiyo), mstari kwenye fstab (faili lenye orodha ya diski na folda zake), au kanuni ya udev (huduma inayotambua vifaa vinavyochomekwa). Kila anayeandika anasifia ya kwake. Nyinyi mnatumia ipi? Tayari nimeweka udiskie na cha ajabu ni kwamba mara inakubali, mara inagoma. Flashi ni ileile.

Zamaradi_root:
Mkuu, hapo kwenye "mara inakubali, mara inagoma" ndipo penye stori. Usichague dawa kabla hujajua kinachouma.

Flashi hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla hujaiona. Kerneli huitambua, udev huitangaza, udisks2 ndiye mwenye uwezo wa kuipachika (mount) kwenye folda bila wewe kuwa root (msimamizi mkuu), na polkit husema ndiyo au hapana. Lakini udisks2 hafanyi kitu mpaka aambiwe. Kule GNOME, anayemwambia ni GNOME Shell yenyewe. Openbox kazi yake ni kupanga madirisha tu, kwa hiyo hakuna anayetoa amri. Hizo njia zako nne ni majibu manne ya swali moja: nani aseme "pachika"?

Fungua terminali, andika hii, halafu ndipo uchomeke:

`journalctl -kf`

Ukiona mstari wenye `new high-speed USB device` na baada yake `[sdb] Attached SCSI removable disk`, kerneli haina kosa. Usipoona chochote, badilisha tundu, na kama ni diski ya nje badilisha na waya, maana kuna waya za kuchajia tu zisizopitisha data. Kisha:

`lsblk -f`
`udisksctl mount -b /dev/sdb1`

Hiyo ya mwisho usiweke sudo. Ikikubali, udisks2 na polkit wako sawa, na kilichobaki ni kupata wa kutoa amri. Ikikataa, utuwekee hapa ilichosema, neno kwa neno.

KobeMtulivu:
Kwa vile tayari una Thunar, mimi ningeenda na thunar-volman, kusudi usiongeze programu nyingine ya kukaa nyuma muda wote. Unahitaji vitu vitatu: kifurushi cha `gvfs`, kifurushi cha `thunar-volman`, na mstari `thunar --daemon &` kwenye `~/.config/openbox/autostart`. Halafu ingia kwenye mapendeleo ya Thunar, sehemu ya mambo ya juu, uweke alama kwenye usimamizi wa diski.

Wengi husahau gvfs. Bila hiyo Thunar haioni hata ikoni ya flashi, na maelezo yako yananukia hivyo.

Mzee_wa_fstab:
Vijana mnapenda kuzunguka mbuyu. Diski ikiwa ni yako na inarudi kila siku, iandike kwenye `/etc/fstab` uachane na hao madalali wote. Yangu ya nakala za akiba iko hivi:

`UUID=xxxx-xxxx /mnt/akiba exfat nofail,x-systemd.automount,x-systemd.device-timeout=5s,uid=1000 0 0`

Naingia kwenye folda, nayo inajipachika hapohapo. Hakuna ikoni, hakuna madirisha yanayorukaruka. Ila `nofail` usiisahau. Niliwahi kuiacha, kabla sijaweka hizo `x-systemd`, nikaiwasha mashine bila diski, ikanikalisha sekunde 90 ikisubiri, kisha ikanitupa kwenye hali ya dharura. Na tumia UUID, yaani namba ya utambulisho ya diski yenyewe. Jina la `/dev/sdb1` linategemea nani amechomekwa kwanza.

Mchomekaji:
Shikamoo mzee. Hiyo ya diski ya akiba nimeielewa, lakini mimi nachomeka flashi za watu tofauti kila siku, siwezi kuandika UUID za dunia nzima.

Mzee_wa_fstab:
Marahaba. Hapo sawa, kwa flashi za watu fstab haifai, na mimi sikusema inafaa.

nyundo_ya_udev:
Mbona rahisi. Faili moja ndani ya `/etc/udev/rules.d/`, ukitokea `sd[b-z]1` basi `RUN+="/bin/mount ..."`. Kwisha. Haihitaji eneokazi wala nini. Niliitumia miaka mingi.

Zamaradi_root:
Uliitumia miaka mingi iliyopita, ndugu yangu, na hapo ndipo neno lilipo. Siku hizi systemd-udevd huendesha kazi zake ndani ya nafasi yake ya upachikaji, imejitenga na mfumo mzima. Amri ya mount inafanikiwa kabisa, hakuna kosa popote kwenye kumbukumbu za mfumo (logi), ila flashi imepachikwa chumba ambacho wewe huoni. Mtu anaweza kukesha akitafuta kosa lisiloandikwa popote. Tena udev huua kazi yoyote inayochelewa, kwa hiyo hata programu za mifumo ya faili zinazoendelea kukaa nyuma, kama ntfs-3g, zitakatwa katikati.

Kama lazima iwe kanuni, mathalani kwa mashine isiyo na skrini, basi iite `systemd-mount --no-block --automount=yes --collect`, ambayo inakabidhi kazi kwa systemd nje ya kile chumba. Kwenye kompyuta ya mezani mimi nisingehangaika nayo.

nyundo_ya_udev:
Duh. Kumbe ndiyo maana kwenye mashine mpya iligoma na nikadhani ni flashi mbovu. Nilimrudishia mwenyewe nikamwambia imekufa.

Mchomekaji:
Nimerudi na majibu. Kerneli inaona, `lsblk -f` inaonyesha sdb1 aina ya vfat. Nikaandika ile amri ya udisksctl, ikaniomba nywila! Nikaiweka, ikapachika, lakini si chini ya `/media/jina-langu`. Imekwenda `/mnt/flashi`, na kila faili ni mali ya root, siwezi kuandika hata herufi.

Nikachomeka flashi ya pili wakati ya kwanza bado ipo. Hiyo ikawa sdc1, na udiskie ikaipachika yenyewe bila swali lolote. Nikazichomoa zote, nikaanza na ile ya pili. Sasa yenyewe ndiyo ikagoma! Yaani inayotangulia hugoma, inayofuata hukubali, haijalishi ni ipi.

KobeMtulivu:
`grep sdb /etc/fstab` tafadhali.

Mchomekaji:
`/dev/sdb1 /mnt/flashi vfat defaults,noauto 0 0`

Aisee. Hii niliiandika mwenyewe siku za mwanzo kabisa, nikifuata maelekezo fulani ya zamani. Nilishasahau kama ipo.

Zamaradi_root:
Basi mchawi huyo hapo. Diski ikiwa imetajwa kwenye fstab, udisks2 huiheshimu fstab: folda ni ya humo, masharti ni ya humo. Mstari wako hauna neno `user`, kwa hiyo mtu wa kawaida haruhusiwi, na polkit inataka nywila ya msimamizi. udisksctl inajua kukuuliza ndani ya terminali. udiskie ikiwa Openbox, bila wakala wa polkit wa kuonyesha kidirisha, hana wa kumuuliza, anakataliwa kimyakimya. Kila anayekuja wa kwanza anapewa jina la sdb1, naye anaangukia mstari huo. Wa pili anaitwa sdc1, anapita. Na kwa sababu umeandika vfat, flashi ya exFAT (aina nyingine ya mfumo wa faili) ingekataa hata ukiwa root.

Futa mstari huo, kisha `sudo systemctl daemon-reload`.

KobeMtulivu:
Kwa mwingine atakayepita hapa: mstari wa namna hii si lazima uwe umeuandika mwenyewe. Kisakinishi cha Debian kimewahi kuacha kitu kama `/dev/sdb1 /media/usb0 auto rw,user,noauto` pale mtu anaposakinisha kutoka kwenye flashi. Ukiukuta, usijilaumu.

tai_wa_arch:
Naingilia kidogo, dalili zangu zinafanana ila ni Arch (Linux nyingine) na eneokazi la KDE. Jana flashi zilikubali, leo jioni hakuna hata moja. `lsusb` inaziona, `lsblk` haizioni. Wala sina mstari wowote kwenye fstab.

Zamaradi_root:
Katikati ulisasisha mfumo?

tai_wa_arch:
Ndiyo, mchana.

Zamaradi_root:
Washa mashine upya. Usasishaji umeleta kerneli mpya na kuondoa moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa vikihitajika) za ile unayoendelea kuitumia. Kerneli ya zamani inatafuta `usb_storage` kwenye diski na haiikuti. Linganisha `uname -r` na majina yaliyomo `/usr/lib/modules`, utaona hayafanani.

tai_wa_arch:
Imekubali. Nilikuwa nimeshafika nusu ya kusakinisha upya KDE nzima...

Mchomekaji:
Na mimi nimefuta ule mstari, flashi zote zinajitokeza. Sasa turudi kwenye swali la mwanzo: nibaki na udiskie au nihamie thunar-volman?

KobeMtulivu:
Chagua moja, usiziwashe zote mbili, zitagombania flashi moja na utaona ujumbe wa kwamba imeshapachikwa. thunar-volman ni nzuri kama Thunar iko wazi kutwa. Nakiri udiskie inaishinda kwenye jambo moja: ukiiwasha na `udiskie --tray &` unapata ikoni ya kuchomolea, na diski iliyofungwa kwa LUKS (usimbaji fiche wa diski) inakuomba nywila bila kupitia meneja wa faili.

Mchomekaji:
Flashi nyingi ninazopokea zimefungwa kwa LUKS, basi nabaki na udiskie. Swali la mwisho: kama ikoni haipo, nachomoaje salama kwa terminali?

Zamaradi_root:
Kwa flashi ya kawaida, `udisksctl unmount -b /dev/sdb1`, usubiri irudishe mstari, kisha `udisksctl power-off -b /dev/sdb`. Kwa ya LUKS, unmount ielekeze kwenye jina la `/dev/mapper/...` unaloliona kwa `lsblk`, halafu `udisksctl lock -b /dev/sdb1` kabla ya power-off. Angalia ile ya power-off haina namba 1, maana unazima kifaa kizima. Ikisema kifaa kina shughuli, huenda kuna terminali yako nyingine imekaa ndani ya folda hiyo. Toka kwa `cd` urudie.