Pikapu ya kampuni: singo kebini au dabo kebini, kodi inasemaje?

Mama Pampu (Ngamiani, Tanga)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Nina kampuni ndogo hapa Tanga. Tunafunga na kutengeneza pampu za visima Muheza, Mkinga na Pangani, na msimu wa kazi tunafika hadi Korogwe. Tupo watano, nami nikiwemo. Mabomba tunayafunga juu ya keria, jenereta na mnyororo wa kunyanyulia vinakaa nyuma.

Pikapu tuliyonayo imechoka. Mwezi uliopita ilituzimikia kwenye njia ya Pangani tukiwa na pampu ya zahanati, na zahanati ile ikakaa siku mbili bila maji kwa sababu yetu. Limeniuma sana. Sitaki lijirudie, kwa hiyo tumeamua kununua nyingine, na kuna mbili nimeziona. Singo kebini (safu moja ya viti) ni milioni 48, dabo kebini (safu mbili) ni milioni 64, zote dizeli.

Dalali anasema nichukue dabo maana "kodi itakurudishia". Binamu yangu aliyeko Marekani naye anasema huko kampuni ikinunua pikapu nzito, gharama yote inatolewa kwenye faida mwaka huohuo. Je, na kwetu ni hivyo?

Nauliza kwa uchungu, kwani hii ya sasa ina kadi yenye jina langu. Mhasibu tuliyekuwa naye alikuja kuniambia mwisho wa mwaka kwamba gari halimo kwenye hesabu za kampuni, na mafuta mengi ameyaondoa kwa sababu risiti hazina TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni. Mwaka mzima wa mafuta! Laiti angeniambia mwezi Januari.

Dereva wa Muheza

Pole dada. Ya kodi nawaachia wenyewe, mimi nasema ya barabarani tu. Kama mafundi watatu wanakwenda na wewe, singo kebini itamweka mmoja au wawili nyuma pamoja na jenereta. Hiyo ni hatari, na trafiki hawatakuacha. Hesabu watu kwanza.

Mhasibu wa Chumbageni

Mama Pampu, pole kwa ya zahanati na pole kwa ya mafuta. Hilo la mafuta ulipaswa kuambiwa mapema.

Nianze na binamu yako. Anachosema kipo kweli, ni kifungu cha 179 cha sheria ya kodi ya Marekani, na uzito wanaouangalia ni ule unaozidi pauni 6,000 gari likiwa na mzigo wake kamili. Lakini hiyo ni ya kwao. Uingereza nao walikuwa wakiihesabu dabo kebini inayobeba tani moja kuwa gari la mizigo, ila tangu Aprili 2025 nyingi zinahesabiwa kama gari dogo la kawaida kwenye kodi ya mapato. Kila nchi na kipimo chake, usinunue gari la Tanga kwa sheria ya Texas.

Kwetu, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inasema gari la kibiashara ni lile lililoundwa kubeba mzigo unaozidi nusu tani, au abiria zaidi ya 13, au linalotumika kwenye biashara ya usafirishaji au ya kukodisha magari. Ni nusu tani tu! Kwa hiyo pikapu ya kazi, singo au dabo, kwa kawaida inaingia. Faida yake ni kwamba gari lisilo la kibiashara limewekewa kikomo cha gharama unayoruhusiwa kuichakaza (kuitoa kwenye faida kidogo kidogo kila mwaka), hata ulinunue kwa bei gani. La kibiashara halina kikomo hicho.

Uchakavu wenyewe: magari ya mizigo yasiyofika tani 7 yako daraja la kwanza, asilimia 37.5 kila mwaka kwa salio linalopungua. Singo ya milioni 48, mwaka wa kwanza unatoa milioni 18 kwenye faida. Salio milioni 30, mwaka wa pili unatoa 11,250,000. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo ile milioni 18 inakupunguzia kodi ya 5,400,000. Dabo ya milioni 64 inatoa milioni 24 mwaka wa kwanza, kodi inapungua 7,200,000.

Hapo ndipo dalali anapokuvuta. Tofauti ya bei ni milioni 16. Hata ukiichakaza yote hadi ibaki vumbi, kodi itakurudishia asilimia 30 tu, yaani 4,800,000, tena kwa vipande vya miaka mingi. Milioni 11 na laki mbili zinatoka mfukoni mwa kampuni. Kama mafundi wanahitaji viti, nunua dabo kwa ajili ya mafundi. Kwa ajili ya kodi, hapana. Na haya yote yanataka kampuni iwe na faida. Ukipata hasara, unaibeba kwenda miaka ya mbele, lakini mwaka huo hakuna pesa inayorudi.

Kuhusu VAT (kodi ya ongezeko la thamani), hiyo ni sheria nyingine kabisa na ina macho yake. Kama umesajiliwa, VAT ya gari la abiria huwezi kuidai, wala ya vipuri na matengenezo yake, isipokuwa biashara yako iwe ni ya magari hayo. Singo kebini haina ubishi, ni gari la mizigo. Dabo ina safu mbili za viti, na hapo unaweza kubishana na mkaguzi. Kama unategemea kuidai, andika barua TRA upate jibu la maandishi kabla hujalipa. Mauzo yako yakiwa hayafiki milioni 200 kwa mwaka na hujasajiliwa, hili lisikusumbue.

Bi Raskazone

Mhasibu, ahsante, nami nimejifunza. Swali dogo: gari likilala nyumbani kwa mkurugenzi na Jumapili likaenda arusini Lushoto?

Mhasibu wa Chumbageni

Hapo linageuka kuwa manufaa ya ajira. Gari la cc zaidi ya 2,000 hadi 3,000 linahesabiwa shilingi 1,000,000 kwa mwaka likiwa chini ya miaka mitano, na 500,000 likizidi hapo, na kiasi hicho kinaongezwa kwenye mapato ya aliyepewa ili kikatwe PAYE (kodi ya mshahara). Aliye kwenye kiwango cha juu cha asilimia 30 atalipa laki tatu kwa mwaka. Isipokuwa kampuni ikiamua kutodai gharama yoyote ya gari hilo, basi hahesabiwi kitu. Kwa gari la kazi hilo halina maana, heri kuhesabu manufaa.

Mama Pampu

Mungu akubariki, Mhasibu. Nimekaa na mafundi jioni hii na kalamu mkononi. Safari nyingi ni watu watatu, na singo ina viti vitatu mbele. Siku ya watu wanne, mmoja atapanda basi na nauli ataandikiwa. Tunachukua singo, na zile milioni 16 ni akiba ya pampu mbili za kuazimisha, ili mteja asikose maji wakati yake iko mezani kwetu.

Hati ya mauziano na kadi vitakuwa na jina la kampuni. La mwisho: nitajuaje inabeba zaidi ya nusu tani?

Mhasibu wa Chumbageni

Angalia kibati cha kiwanda kwenye fremu ya mlango, kisha kadi. Uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu. Kipige picha kibati hicho siku ya kununua, uiweke kwenye faili pamoja na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi). Na leo hii mpe dereva TIN ya kampuni kwenye karatasi, akae nayo kwenye dashibodi.