Accra iko karibu na ikweta kuliko Dar, mbona kukavu?

Mbagala_Kuu: Wakuu, Accra iko nyuzi 5 na nusu kaskazini, ila mvua yake haifiki milimita 850 kwa mwaka. Sisi tunapita 1,000. Imekaaje hii?

Pwani77: Shika ramani, mkuu. Upepo wa mvua hutoka kusini-magharibi. Mji wa Axim, magharibi mwa Ghana, ambako pwani imeukabili upepo huo, unavuka milimita 2,000. Ukipita rasi ya Cape Three Points kwenda upande wa Accra, pwani inakunja kuelekea kaskazini-mashariki. Upepo unaambaa nayo, hewa haisukumwi kupanda, mawingu yanapita zake.

Bandarini: Usisahau bahari. Julai hadi Septemba maji baridi hupanda kutoka kilindini. Hewa ya juu yake hupoa, inakuwa nzito, hainyanyuki. Ndiyo maana Agosti Accra kuna mawingu na kibaridi, mvua kiduchu. Wavuvi wao lakini wanachekelea: maji hayo yana rutuba, samaki kibao.

Mbagala_Kuu: Na nikitaka kupeleka mbao huko Accra, nizingatie msimu gani?

Bandarini: Epuka Juni, ndiyo kilele cha mvua, mitaro inafurika. Desemba hadi Februari huvuma harmattan, upepo mkavu wenye vumbi la Sahara. Mbao mbichi hupasuka kuanzia kwenye ncha, kwa kuwa ndiko hukauka haraka. Paka ncha nta au rangi nzito kabla ya kupakia.