Waliowahi kwenda likizo Kilwa Kisiwani, tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Desemba iliyopita badala ya Zanzibar tuliyoizoea, tukakubaliana na mume wangu mwaka huu watoto tuwapeleke Kilwa. Tukapanda basi Mbagala alfajiri, Kibiti, Ikwiriri, tukavuka daraja la Mkapa pale Rufiji, kufika Nangurukuru tukakata kushoto mpaka Kilwa Masoko, mji ulio bara ng'ambo ya kisiwa, ni zaidi ya kilomita 300 na wanangu walilala karibu njia nzima. Kesho yake tukachukua kibali tukavuka kwa mashua.

Mi Kilwa nilikuwa naijua ya darasani tu, dhahabu ya Sofala, Wareno 1505, basi. Sikujua kama pale kuna kijiji na watu wana maisha yao, yaani unatoka Msikiti Mkuu unamkuta mama anaanika dagaa, mbuzi wamejilaza kwenye kivuli cha ukuta wa miaka mia saba, mtu anapita na ndoo ya maji kichwani anakusalimia. Binti yangu ana miaka 9, alisogeza uso ukutani akaniita, mama njoo ukuta una maua. Kuangalia kweli, jiwe lenyewe ni tumbawe na michoro yake bado iko pale pale kama sega la nyuki, kama lilivyotoka baharini. Mzee aliyekuwa anatutembeza akamwambia mengine walikuwa wanayachoma kwa kuni mpaka yanakuwa chokaa, na hiyo chokaa ndo inayoshika jiwe na jiwe. Mtoto akaweka kiganja pale akakaa nacho muda mrefu, mi nikashindwa hata kupiga picha.

Sasa nataka nirudi na mama mzazi, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Mliowahi kwenda na wazee mlifanyaje? Na wengine leteni ya kwenu, msiishie kusoma.

Mdau wa Mtwara: Dada, cha kwanza kabisa ni maji ya bahari kujaa na kupwa, mengine yanafuata. Sisi tulienda siku za bamvua bila kuuliza mtu, tukataka kuunganisha na kisiwa cha jirani cha Songo Mnara siku hiyo hiyo, kule maji yalikuwa yamekupwa tukashuka mbali tukatembea kwenye tope la mikoko mpaka magotini, mke wangu kandambili zote mbili zilibaki humo. Ila kufika kule sijutii, unaona nyumba za mawe na milango yake na nyua zake, unaelewa kabisa hapa familia ilikaa. Kabla hujapanga siku ongea na nahodha, muulize maji yanajaa saa ngapi, saa za kwenu ziache nyumbani.

Mdau wa Mombasa: Mie nlienda na wenzangu watatu tukitokea Dar. Nimekulia karibu na Fort Jesus kwa hiyo magofu si mageni kwangu, lakini ile Husuni Kubwa wallahi ilininyamazisha. Jumba liko juu ya genge, bahari iko chini yako, na ndani mna birika la pembe nane limechongwa vizuri hata sasa unatamani litiwe maji. Hilo ni la Sultani Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyekuwepo Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika 1331 akausifu mji kuwa ni katika miji mizuri, na huyo sultani akimwita mtu wa kutoa sana. Jioni tukakaa barazani na mzee mmoja wa pale, tumemwamkia shikamoo akaitika marahaba akatupa stori ya Ali bin Hasan kutoka Shirazi, kwamba alikinunua kisiwa kwa nguo, nguo za kukizunguka kisiwa kizima. Hiyo stori imo katika tarikh ya zamani ya Kilwa, lakini kuisikia kwa mtu anayenyoosha mkono kukuonyesha ufuo wenyewe uliozungushwa ni jambo jingine kabisa.

Mdau wa Kimara: Mimi niwape tahadhari. Tulimlipa mtu Dar kila kitu, usafiri, kibali, chakula, tumefika Masoko hakuna kibali wala boti, simu haipatikani, ikabidi tulipe upya kila kitu. Kibali kinachukuliwa pale pale Masoko na haichukui muda, nendeni wenyewe. Na chakula agizeni kwa akina mama wa kisiwani mapema mkishuka tu, sisi tulikula wali wa nazi na pweza, na ile hela ilibaki kijijini kwa aliyepika. Jambo lingine limeniuma, kuna jamaa kwenye kundi letu aliokota vipande vya sahani za Kichina ufukweni akatia mfukoni. Vimejaa pale mchangani, kimoja kina rangi ya kijani hivi kama jani la mgomba. Jamani viacheni, vile vililetwa na majahazi kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, kila mgeni akibeba kimoja kitabaki nini. Mwaka 2004 magofu haya yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, yakatoka 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati, tusiyarudishe nyuma.

Mdau wa Lindi: Msiishie Kisiwani, piteni Kilwa Kivinje, mji wa zamani ulio bara. Bibi yangu mzaa mama ni wa huko. Kuna nyumba za zamani zinaanguka moja moja, mlango wa nakshi bado umesimama na nyuma yake ni majani matupu, inauma kuangalia. Na mwulize mtu yeyote akupeleke Mwembe Kinyonga, Wajerumani waliponyongea watu wa Maji Maji. Nilienda na bibi kabla hajafariki, alivua viatu akasimama, hakusema kitu mpaka tuliporudi barabarani.

Mdau wa Tanga: Dada wa mada, kuhusu mama. Mimi nilimpeleka baba ana 74 na anatembelea fimbo. Tulivuka maji yakiwa yamejaa, boti ikasogea mpaka karibu kabisa na Gereza, ile ngome ya zamani, vijana wawili wakamshika huku na huku, na tulibeba kiti cha plastiki kutoka Masoko. Ndani ya boti alikalia hicho hicho, akifika kila sehemu tunamuwekea kivulini. Msikiti Mkuu na Gereza havichoshi, viko karibu. Husuni Kubwa ni mwendo, huko sisi tulienda kwa zamu, yeye akabaki na wazee wenzake chini ya mwembe, tumerudi tunamkuta anasimuliwa habari za uvuvi na hataki kuondoka.

Mleta mada: Ahsanteni sana, kiti nimekiandika. Mdau wa Tanga, hao vijana mliwapata pale gatini Masoko au ni wa kisiwani?

Mdau wa Tanga: Ni wa kisiwani. Ukimwambia nahodha mapema kwamba una mzee, anapiga simu wanakuja kumsubiri ufukweni.