Mama ana homa ya ini, chanjo ya familia naipata wapi?

Kijana wa Ipuli: Wakuu, shikamooni wakubwa. Mama yangu kapimwa, kaambiwa ana homa ya ini. Yuko Ulyankulu, nataka kumleta kwangu Tabora mjini. Nina mke na watoto wadogo. Chanjo naipata wapi, na kwa bei gani? Usingizi sipati.

Mnyamwezi Asilia: Pole mkuu. Watoto waliipata kliniki, iko kwenye ile sindano ya wiki ya 6, 10 na 14. Wewe na mkeo pimeni kwanza.

Bi Asali: Baba yangu aliondoka kwa ini, gongo ile. Mama aache pombe, amrudie Mungu.

Kijana wa Ipuli: Mama ni mlokole, pombe hajawahi kuonja.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, homa ya ini ipi? Chanjo mnayoizungumzia ni ya B.

Kijana wa Ipuli: Naomba tu kujua bei.

Nesi Mstaafu: Ipi?

Kijana wa Ipuli: C. Sikutaka kusema, maana nikitaja C na Ulyankulu yataanza maneno ya ukimbizi. Mama alivuka kutoka Burundi 1972. Uraia tunao.

Mpita Njia: Si ndiyo hayo! Magonjwa yanakuja na watu.

Nesi Mstaafu: Koma. Enzi hizo sindano zilikuwa za kioo, zinachemshwa, anachomwa huyu na yule. Hapo weka damu ya kuongezewa isiyopimwa, na wembe mmoja wa kuchanjia ukoo mzima. Aliyevuka na asiyevuka wote walipitia humo. Kijana, C haina chanjo ila ina dawa. Alipimwaje?

Kijana wa Ipuli: Kile cha kidoleni, cha dakika chache. Lakini mama nesi, mganga nimeshamlipa nusu, dawa za mizizi. Na vyombo vya mama mke wangu katenga. Hatumbagui, ni tahadhari.

Nesi Mstaafu: Rudisha vyombo leo. C ni ya damu, haipiti kwenye sahani wala kwa kukumbatiana. Cha kutenga ni wembe na mswaki. Kipimo hicho kinasema tu mwili uliwahi kukutana na kirusi, na karibu watu 3 kati ya 10 hukiondoa wenyewe. Anahitaji cha pili, kinachotafuta kirusi chenyewe. Kikionekana, kuna vidonge, sofosbuvir na daclatasvir, kwa kawaida wiki 12. Zaidi ya 95 kati ya 100 hupona kabisa. Wampime na B kabla ya kuanza, maana dawa za C zinaweza kuiamsha. Mizizi asinywe, mingine inaliumiza hilo hilo ini.

Jicho la Tatu: Mnapigwa kamba. Huyu juzi alikuwa anauza kiwanja cha marehemu mama yake. Leo kafufuka? Weka cheti.

Mpita Njia: Nilijua tu. Uzi ufungwe.

Kijana wa Ipuli: Yule ni mama mkubwa, dada yake mama.

Mnyamwezi Asilia: Hapo namwamini. Mimi mwenyewe nina mama watatu.

Nesi Mstaafu: Cheti cha mgonjwa hakiwekwi humu. Mpeleke hospitali ya Kitete hapo Tabora uulizie kile kipimo cha pili. Wakikosa, waombe rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza.

Kijana wa Ipuli: Nampeleka. Ila hela ya mganga inaniuma. Na mimi je? Nilizaliwa nyumbani, akaninyonyesha.

Nesi Mstaafu: Maziwa hayaambukizi. Kwa kuzaliwa inawezekana, kama 5 kati ya 100. Pima wewe na ndugu zako wote wa tumbo moja.