Gia ya dola 3, usafiri dola 45: maduka ya treni za mfano Marekani, hivi mnatuonaje?

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira, nikiteleza mahali mnivumilie.

Kwa wasiojua, tupo watu hapa mjini tunaotengeneza treni za mfano. Sisemi zile za betri zinazouzwa Kariakoo mwezi wa kumi na mbili. Nasema treni zinazojengwa kwa vipimo, behewa kwa behewa, hadi ngazi na taa. Mimi na wenzangu wachache tunajenga TAZARA. Njia ya TAZARA ina upana wa milimita 1067. Gawanya kwa 64 unapata 16.67. Reli ya HO, saizi ya treni za mfano iliyoenea kuliko zote duniani, ina milimita 16.5. Kwa hiyo ukijenga kwa skeli ya 1:64, reli na chasisi za HO zinaingia, na hiyo tofauti ndogo jicho halioni. Wenzetu wa Afrika Kusini na New Zealand, ambao reli zao zina upana huohuo, wanatumia njia hii miaka mingi.

Bodi ya kichwa cha treni tunachonga wenyewe kwa karatasi za plastiki, au tunaprinti kwa printa ya 3D. Mabehewa hivyohivyo. Tusichoweza ni mota, gia, magurudumu, dikoda (kile kichipu cha kuongozea kichwa) na kapla, vile vikono vya kuunganisha mabehewa. Hivyo ni vya kununua, na soko lake kubwa ni Marekani.

Najua kuna mjuaji atauliza kwa nini nisinunue vya Ulaya. Mkuu, kichwa ninachojenga ni U30C. TAZARA ilianza na vichwa vya Kichina vya haidroliki, vikahemea mlima wa Mlimba kupanda Makambako, ndipo mwaka 1983 zikaja U30C, zimeundwa Ujerumani lakini muundo ni wa General Electric. Aliyekulia Mlimba anaujua mlio ule. Chasisi ya ekseli sita ya mashine za GE huipati kwa Mjerumani wala Mwingereza, unaipata kwa kampuni za modeli za Marekani: Athearn, Atlas, Bachmann. Na kapla ni Kadee, hakuna mjadala.

Sasa twende kwenye kilichonileta.

Chasisi yangu moja imeanza kugonga. Inatembea vizuri, halafu tak, inatembea, tak, kila gurudumu likizunguka mara moja. Anayejua mambo haya ameshajua ugonjwa. Unafungua kifuniko cha chini, unatoa ekseli, unaiweka chini ya taa, na pale kwenye gia ya plastiki, katikati ya meno mawili, kuna ufa mwembamba kama unywele. Plastiki ilibanwa kwenye ekseli tangu kiwandani, miaka inakwenda inasinyaa, mwishowe inapasuka. Ufa ukifunguka, yale meno mawili yanaachana kidogo, na kila yakifika kwenye gia mwenzake yanaruka. Gundi haishiki plastiki ya aina ile. Dawa ni gia mpya tu.

Gia mpya, pakiti nzima, ni dola 3 na senti. Nikaiweka kwenye kikapu, nikajaza anwani, nikafika kwenye usafiri: dola 45. Chaguo ni moja tu, kuria ya ndege. Zaidi ya laki moja ya Kitanzania kusafirisha kitu ambacho ukikidondosha sebuleni unapiga magoti kukitafuta.

Nikawaandikia kwa adabu kuwaomba watume kama kifurushi kidogo cha posta. Na msije mkasema ni ujinga wa kuomba bahasha. Najua kwamba tangu 2018 Posta ya Marekani hairuhusu bidhaa ndani ya barua za kwenda nje. Lakini huduma ya kifurushi kidogo ipo, inabeba hadi uzito wa pauni 4, na bei yake haikaribii ya kuria. Jibu nililopewa: hiyo ndiyo sera yetu, asante kwa kutuchagua. Nimewachagua wapi? Ningekuwa na wa kuchagua ningekuwa naandika hapa?

Duka lingine wao posta wanatuma, ila mfumo wao unataka ZIP, yaani postikodi ya kwao. Mnajua tangu tuwekewe postikodi na sisi tuna tarakimu tano, sawasawa na Mmarekani. Postikodi za Kinondoni zinaanza na 141. Na huko kwao namba zinazoanza na 141 ni miji na vijiji vya upande wa Buffalo, New York. Nimechagua Tanzania vizuri kabisa, nimeandika Dar es Salaam, mfumo ukaona tarakimu tano ukanihamishia Buffalo. Usafiri ukaja dola 8. Nikalipa haraka kabla hawajastuka, nani angeacha? Kesho yake barua pepe: tumegundua kosa, ongeza dola 52 au tunafuta oda. Nikasema futeni. Hela ikarudi imekatwa "gharama za kushughulikia". Yaani mfumo wao ukosee, mimi nilipe.

Na hapo kadi ilikuwa imekubali, maana mara nyingi haikubali. Maduka mengi ya Marekani yanalinganisha namba za anwani uliyoandika na zile zilizoko benki. Utaratibu huo uko Marekani, Kanada na Uingereza, benki nyingi za nchi nyingine hazina cha kujibu. Duka likikosa jibu linakuweka kwenye kundi la matapeli. Oda inafutwa, lakini pesa inabaki imeshikwa, benki wanakwambia subiri duka waachie, duka wanasema sisi tulishaachia. Unabaki katikati, hela huna na mzigo huna.

Tuje kwenye ujazo. Kuria hawapimi uzito tu, wanapima na boksi. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000, ndizo kilo zako. Sasa kuna duka niliagiza kwao pakiti za kapla, magurudumu na dikoda moja. Vyote vinaingia kwenye boksi la viatu na nafasi inabaki. Wakaweka kwenye boksi la 40 kwa 30 kwa 25, wakajaza mifuko ya hewa. Piga hesabu: 30,000 kugawa kwa 5000, kilo 6. Mzigo wenyewe haufiki kilo moja. Nimelipia kilo tano za hewa ya Marekani, mkuu. Na nilikuwa nimeandika kwenye sehemu ya maelezo, kwa herufi kubwa, TUMIENI BOKSI DOGO. Maelezo yale nadhani yanasomwa na upepo.

Reli ndiyo usiseme. Vipande vya reli ya kupinda vinakuja na urefu wa futi 3, havikunjwi. Boksi linakuwa refu, wanaongeza tozo ya urefu. Kwa hiyo reli nimeacha kabisa kuagiza Marekani, nachukua Peco kwa Mwingereza, wanatengeneza hadi ile ya mtindo wa Kimarekani. Hilo angalau lina njia ya kupita.

Kinachonichoma kuliko vyote ni hiki. Geuza boksi la kichwa cha Kimarekani, lenye bendera na historia ndefu ya kampuni ya reli ya huko, usome chini: Made in China. Karibu vyote. Bachmann ya Philadelphia mwenyewe ni mali ya kampuni ya Hong Kong. Kwa hiyo kichwa kimetoka China kikavuka Pasifiki, kikakaa kwenye ghala Marekani, halafu kivuke Atlantiki kije Dar, wakati wafanyabiashara wetu wanashusha makontena kutoka Guangzhou kila siku na kichwa kile kingeweza kuja humohumo. Na 2025 Trump alipopandisha ushuru wa bidhaa za China, mwezi wa nne ukafika asilimia 145 kabla ya kushushwa mwezi uliofuata, bei za modeli huko zikapanda. Nani kalipa? Na mimi wa Kinondoni nimo. Nachangia vita ya biashara ya watu wawili ambao hakuna hata mmoja anayenijua.

Halafu mzigo unafika kwetu. Hapa silaumu sana, maana angalau ni sheria na imeandikwa. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa vitu vya kuchezea ni asilimia 25. Lakini watu wengi hawajui kwamba unapigwa kwenye bei pamoja na usafiri. Kichwa dola 150, usafiri dola 60, ushuru unatoka kwenye 210, ni dola 52 na nusu. VAT asilimia 18 inakuja juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe, dola 47 na senti. Tayari karibu dola 100, bado tozo ndogondogo. Mojawapo ni ile ya maendeleo ya reli. Nacheka huku nalia: naingiza reli, nachangia reli.

Sasa ndipo uone uzembe wa muuzaji unavyouma. Duka moja liliniuzia kichwa kwa punguzo. Nimelipa 150, risiti ninayo. Kwenye fomu ya forodha wakaandika bei ya orodha, 220, "kwa usalama wa bima". Afisa wa kaunta anasoma kilichobandikwa kwenye boksi, risiti yangu ya kwenye simu haimhusu. Nikalipa kodi ya punguzo ambalo nililipata. Nimewaandikia watoe barua ya masahihisho, mpaka leo kimya.

Na kichwa chenyewe kilikuwa kimevunjika. Zile reli nyembamba za pembeni, za mtu kushika akitembea nje ya kichwa, tatu zimekatika kwenye mashina, na kapla ya mbele inaning'inia. Nikapiga picha, nikatuma. Wakajibu nirudishe kwa gharama zangu, na wakiridhika watanirudishia bei ya kichwa bila usafiri. Kurudisha kwa kuria ni zaidi ya bei yenyewe. Wanajua hivyo. Ndiyo maana wanaitoa hiyo ofa kwa tabasamu. Nimeomba tu hiyo mistari mitatu ya plastiki na kapla moja. "Vipuri havipo kwa sasa, jaribu tena baadaye."

Habari ya oda za kuweka nafasi mapema sitaigusa leo. Mtu anatangaziwa kichwa, anaweka nafasi, kinachelewa, bei inapanda, na asiyeweka nafasi hakipati tena kwa sababu wametengeneza idadi ileile iliyoagizwa. Huo ni uzi mwingine.

Ninachodai si upendeleo. Onyesheni gharama ya usafiri kabla sijaandika namba ya kadi. Wekeni posta kama chaguo, mtu aamue mwenyewe kusubiri. Boksi liendane na mzigo. Fomu ya forodha iandikwe bei niliyolipa. Kama Tanzania hamtumi, andikeni hamtumi ukurasa wa kwanza, siyo mnaniacha najaza kikapu usiku kucha halafu mwishoni nchi haipo kwenye orodha, nashuka kutoka Taiwan naangukia Thailand.

EDIT: Naona mdau anasema nitumie anwani za mawakala wa kupokea mizigo wa Delaware au Oregon, kule hakuna kodi ya mauzo. Najua mkuu, natumia. Inasaidia ukiwa na mzigo wa kujumlisha. Kwa gia moja, wakala naye anataka chake cha kupokea, cha kuhifadhi na cha kufungasha, unarudi palepale kwenye 45.

EDIT 2: Anayesema "mtu mzima na vitreni" namuomba apite tu. Wewe una bili ya mechi kila wikendi, hatujaja kukuhesabia.

EDIT 3: Mwingine ananishauri niprinti gia. Resini ya kawaida ya kuprintia, kwa meno madogo vile, haidumu, inasagika. Kama kuna fundi hapa Dar mwenye mashine ya kukata gia ndogo za shaba, aje PM na bei, nina mfano mzima wa kumpa. Na kama kuna ndugu anatoka Houston au Minneapolis kuja likizo mwisho wa mwaka, naomba nafasi ya bahasha moja tu kwenye begi. Ni gia, pakiti mbili za Kadee na dikoda, ankara zake nitamtumia aonyeshe uwanjani, ushuru ukidaiwa nalipa mimi. Soda na chakula cha mchana juu yangu.